Ukuta Alioupiga Plasta Mzee Ntakije

Mwanangu, kuna siku moja ninayoikumbuka kila mvua za kwanza zinapopiga mabati hapa Kasulu. Nilikuwa binti mbichi kazini, sijamaliza hata mwaka tangu nitoke chuoni Dar es Salaam, nami nilikuwa nimesimama nyuma ya wodi ya wazazi ya hospitali moja ya misheni, kwenye mteremko nje kidogo ya mji, kiganja nimekiweka ukutani. Ukuta ulikuwa wa baridi kuliko asubuhi yenyewe, na asubuhi za huku kwetu unazijua, mtu havui sweta mpaka jua lipande. Nikagonga kwa kifundo cha kidole. Ukaitika kama debe tupu.

Ngoja kwanza nikueleze tulikuwa akina nani, maana ninyi mmekuta mambo yamekwisha kunyooka. Wakati ule Kakonko na Buhigwe bado hazijawa wilaya, na wasanifu majengo walikuwa haba katika nyanda hizi zote. Sisi tuliochagua kulinda majengo ya kale badala ya kujenga mapya tulikuwa haba zaidi, ungeweza kutukalisha sote kwenye benchi moja la kanisani. Watu wa mjini walitutania wakatuita waganga wa kuta. Jina tukalikubali, tukalivaa.

Tulikuwa na desturi yetu. Mmoja akimaliza kukarabati jengo, wenzake huja wote, hata kama ni mwendo wa siku nzima juu ya lori la mizigo kutoka Kibondo. Huzunguka jengo, hupanda darini, huchungulia msingi, kisha hukaa chini na kumwambia mwenzao wazi walichokiona. Baada ya hapo hula pamoja, ugali wa muhogo kwa samaki wa ziwani, migebuka, ikipatikana, kwa maharage isipopatikana. Nimeshuhudia mabishano makali juu ya kenchi moja ya paa iliyopinda, halafu nikawaona waliobishana wakinawishana mikono kama watoto wa mama mmoja. Penye wengi hapaharibiki neno, ndivyo tulivyoamini, na kwa kweli ndivyo ilivyokuwa mara nyingi.

Mkubwa wetu alikuwa Mzee Ntakije. Alizaliwa upande wa Buhigwe, akasoma usanifu enzi ambazo kumwona Muha chuo kikuu lilikuwa jambo la kusimuliwa, na badala ya kubaki mjini akarudi kuyatunza majengo ya kwao. Yeye ndiye aliyenipokea. Nilipofika na begi langu, watu wakishangaa mwanamke anayepanda paa, alinikabidhi timazi yake, ule uzi wenye risasi tunaoupimia ukuta kama umesimama wima, akasema kazi yenyewe itanitambulisha. Alinifundisha kuutazama ukuta kama mganga anavyoutazama uso wa mgonjwa. Ukitaka kujua nilimpenda kiasi gani, nitakwambia kwamba mpaka leo naandika herufi kwenye michoro yangu kwa mwandiko wake.

Na wodi ile ya wazazi ilikuwa kazi yake. Aliiokoa isibomolewe miaka mingi kabla sijafika, na kila mgeni wa fani yetu aliyepita Kasulu alipelekwa kuiona. Tena, wakati ninaokusimulia, wenzetu wa mikoa mingine walikuwa wanajiandaa kuja kumpongeza kwa kazi ya maisha yake, na sherehe ilipangwa kufanyika palepale, mbele ya ukuta ule.

Majengo ya kale ya huku yamejengwa kwa tofali za udongo usiochomwa. Udongo huyanywa maji ya ardhini na kuyatoa tena kwa jua na upepo, ndivyo unavyopumua. Mzee Ntakije, kama wataalamu wenzake wa zama zile, aliupiga ukuta wa wodi plasta ya simenti akidhani anauvika koti la mvua. Alifanya kwa nia njema na kwa elimu iliyokuwapo. Lakini maji yaliyopanda kutoka chini yakakosa pa kutokea. Nje ukuta uling'aa, ndani umekuwa uji. La kuvunda halina ubani, mwanangu. Kona ya kaskazini ilikuwa imetoa tumbo, na niliposhusha timazi kutoka juu, uzi uliegemea tumbo lile badala ya kuning'inia huru. Kwa ndani, ubavuni mwa kona hiyohiyo, vilipangwa vitanda. Wanawake walilala pale vichwa vyao vikiuelekea ukuta, wengine wakiwa na vichanga vya jana.

Siku hiyohiyo nilikwenda nyumbani kwa Mzee. Nilimwamkia nimepiga goti kama tulivyolelewa, nikamweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, maana hakuwa mtu wa kukatiza maneno ya mwenzake.

"Skolastika," akasema, "ukuta ule una umri mkubwa kuliko baba yako. Utatuzika wewe na mimi."

"Mzee, naomba tubandue plasta mahali padogo tu, chini ya dirisha. Nikiwa nimekosea nitapaziba mwenyewe."

"Baada ya sherehe."

Akamwita mkewe aniletee chakula. Nikala. Ningefanyaje? Chakula cha mzee hakikataliwi. Nikashukuru, nikaaga, nikashuka mteremko tumbo limejaa na moyo haujatua.

Kesho yake akaja Kaka Shabani. Huyu alikuwa msanifu mwenzetu, mtoto wa wafanyabiashara wa hapa mjini wenye ndugu zao mpaka Ujiji na pwani, mtu mpole, fundi wa kupatanisha. Mzee alikuwa kama baba yake wa pili. Aliniambia kwa utaratibu kwamba sherehe haiko mbali, kwamba ukuta uliosimama miaka yote hautashindwa kungoja kidogo, na kwamba hakuna faida ya kumvua nguo mzee mbele ya wageni. Akamalizia kwa methali uliyokwisha kuikisia, asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Nikamjibu, "Kaka Shabani, guu langu siyo lililolala nyuma ya ukuta ule."

Alinitazama kwa huzuni, akaondoka. Mwanangu, usidhani nilikuwa jasiri. Nilikuwa mgeni katika fani, mwanamke peke yangu kundini, na watu waliokuwa wananisihi ninyamaze walikuwa ndio ndugu zangu wa kazi. Ila kila nilipotaka kunyamaza niliviona vile vitanda.

Nikarudi wodini. Kulikuwa na ufa mwembamba kwenye kona, umejificha nyuma ya bomba la maji ya mvua. Nikakata kipande cha kioo, nikakibandika kuuvuka ufa, ncha zote mbili nikizikandika kwa chokaa nzito. Hiyo ni njia ya zamani ya kazi yetu na ninyi mnaijua. Kioo hakinyumbuki, ukuta ukisogea hata unywele, kinakatika. Mvua ikanyesha, na asubuhi nilipokwenda kutazama kioo kilikuwa vipande viwili.

Sikwenda tena kwa Mzee. Nilikwenda moja kwa moja kwa muuguzi mkuu wa wodi, Mama Tumaini, mtu wa Mbeya aliyeletwa kwetu na kazi akazoea muhogo wetu. Nilimwambia wazazi wahamishwe leo. Akaniuliza kama Mzee Ntakije ndiye aliyesema. Nikajibu hapana, nasema mimi. Alipima neno la binti na jina la mzee, na simlaumu, ningekuwa yeye ningepima vilevile. Mahali pekee pa kuwapeleka palikuwa darasa la wanafunzi wa uuguzi, na hilo lingemgombanisha na uongozi wake.

"Ukuta ukisimama mpaka sherehe ipite, utanitazamaje usoni?" akaniuliza.

"Nitakuomba radhi mbele ya wote, na vitanda nitavirudisha kwa mikono yangu."

Mama Tumaini akavua saa yake, akaitia mfukoni, akashika kitanda cha kwanza upande wa miguu.

Tulihama asubuhi nzima. Mzazi mmoja aligoma kabisa. Mama yake alimzaa yeye katika chumba kile, na sasa naye amezalia palepale. Hakuona kwa nini aondolewe na msichana ambaye hata mtoto hana. Sikubishana naye. Nilimwomba nimshikie mtoto kidogo, akanipa, kwani huku kwetu hakuna anayemnyima mtu mtoto wa kupakata. Nikatembea naye taratibu kuelekea darasani, na mama akanifuata akinung'unika kwa Kiha njia nzima. Mpaka leo nikiikumbuka safari ile nacheka peke yangu.

Mji wetu si mkubwa. Habari zilimfikia Mzee kabla jua halijawa la utosi, zimekwisha kuongezwa chumvi. Eti binti aliyepokewa naye kamtangaza kwamba Mzee hajui kazi. Jumamosi kundi likaitwa, tukakaa uani kwa kina Shabani. Wakubwa wangu walisema mengi, na yote yaliishia palepale, kwamba nimevunja desturi, nimekwenda kwa watu wa nje kabla kundi halijakaa, na ili kulinda heshima ya wote nivirudishe vitanda kabla wageni hawajafika. Mzee Ntakije alikaa kwenye kiti chake, kofia magotini.

Nilisimama. Mikono ilikuwa inatetemeka, nikaificha nyuma.

"Nitoeni kundini mkitaka," nikasema. "Kitanda sirudishi."

Mzee akauliza swali moja tu, kama kuna yeyote kati yao aliyekwenda kuutazama ukuta tangu maneno haya yaanze. Watu wakatazama chini. Alivaa kofia yake akatoka, na chakula kilichopikwa siku ile hakikuliwa. Katika miaka yangu yote ya kundi, hiyo ndiyo Jumamosi pekee tuliyoachana bila kula.

Kona ilianguka katikati ya juma, mchana, mvua ya mawe inanyesha. Nilikuwa darasani kwa wazazi, nimekwenda kuwaziba paa lililokuwa linavuja. Hatukusikia kishindo kikubwa kama unavyoweza kufikiri. Ilikuwa sauti nzito ya kitu kilicholowa kinachokaa chini, kisha mabati yakalia. Mama Tumaini alinishika mkono na hakuuachia mpaka tulipofika. Pale vilipokuwa vitanda palijaa tope mpaka usawa wa dirisha, na juu ya tope yamelala mapande ya plasta, mazima, mapana kama milango. Yule mama aliyekuwa amegoma alitufuata, mtoto mgongoni. Alipaona mahali pake. Alimgeuza mtoto kutoka mgongoni akamkumbatia kifuani.

Wenzetu wakaja mmoja mmoja, na Mzee Ntakije akaja kwa miguu, amelowa mpaka viatuni. Alisimama mbele ya lile shimo. Kaka Shabani, moyo wake mwema, alimsogelea akamwambia kwamba ni mvua tu, Mzee, mvua ya mwaka huu haina mfano.

Mzee akainama, akainua pande moja la plasta, akaligeuza. Upande wa ndani ulikuwa umeshika udongo mbichi unaochuruzika.

"Mvua inanyesha hapa tangu kwa babu zetu," akasema. "Simenti niliileta mimi."

Kisha akamwomba Mama Tumaini ruhusa, akaingia darasani kofia mkononi. Aliwasalimia wale wazazi mmoja baada ya mwingine, kwa Kiha, akawaambia jina lake na kwamba ukuta ulioanguka ulikuwa kazi yake. Mmoja wao akamkaribisha akae, akakaa ukingoni mwa kitanda, akaombwa ampakate mtoto, akampakata. Sisi tulisimama mlangoni kama watu waliokosa pa kwenda.

Alipotoka alikuja kwangu. Nilitegemea shukrani au ghadhabu, moja kati ya hizo. Sikupata hata moja.

"Siku ile ulikula ugali wangu ukaondoka," akaniambia. "Mbona hukunishika mkono ukanipeleka ukutani?"

"Niliogopa kukukosea heshima, Mzee."

"Basi uliniheshimu nusu. Mimi ni mzee, macho yangu yamekwisha kuzoea kazi yangu, siyaoni makosa yake. Ungeniheshimu kamili, ungenivuta hata nikikataa."

Nimekemewa na wengi maishani, mwanangu, lakini kemeo lile ndilo nililolihifadhi. Aliyekuwa ananikemea ndiye aliyekuwa ameumia, na alinikemea ili nisipungukiwe.

Tulidhani ataahirisha kila kitu, ajifungie ndani. Watu wa hospitali walikuwa wamekwisha kusema jengo lote livunjwe. Mzee akakataa. Akasema kuvunja koleo si mwisho wa uhunzi, na kwamba kama yeye amelitia jengo ugonjwa, yeye ndiye wa kukaa nalo mpaka lipone. Tukaegemeza paa kwa mirunda. Tukabandua simenti ukuta mzima kwa patasi, pole pole, tukikuta mahali pengine udongo mzima na pengine umelika. Wageni wa sherehe walipofika na mashati yao yaliyopigwa pasi walitukuta tumejaa tope, na Mzee Ntakije akiwa katikati yetu, suruali imekunjwa, anakanyaga udongo wa kichuguu kwa ajili ya tofali mpya. Hakuwasomea hotuba. Aliwapeleka ukutani, akawaonyesha alichokifanya na kilichotokea, hatua kwa hatua, kama mwalimu darasani. Halafu akawaambia wavue viatu. Wengine walivua papo hapo, wengine walihitaji kutaniwa kwanza. Ile ndiyo iliyokuwa sherehe yake, na ukuta ule tuliupaka chokaa, unapumua hadi sasa. Wanawake bado wanazalia pale.

Jioni ya siku hiyo, tukiwa tunakula, alitoa neno ambalo limekuwa sheria yetu. Kazi zetu za zamani zitakaguliwa kila mwaka, kuanzia ya mkubwa kuliko wote, ndipo zifuate za wengine. Alisema mdogo akiona mkubwa amekaguliwa akabaki mtu, hataogopa zamu yake ikifika.

Kaka Shabani alichukua muda kunisamehe. Kwa miezi mingi hatukuvuka salamu. Mpaka siku moja akanitumia ujumbe niende Kibondo kumkagulia msikiti wa zamani aliokuwa anaukarabati. Nilimkuta amekwisha kuniandalia ngazi, na nilipomwonyesha kosa kwenye mbao za paa alicheka akasema alijua nitaliona. Nikajua yamekwisha.

Mzee Ntakije ametangulia mbele ya haki. Alipanda ngazi mpaka miguu ilipokataa, na hata ilipokataa alikuwa akikaa chini ya jengo na kutuuliza tunaona nini.

Sasa mkubwa ni mimi. Jumamosi mnakwenda Kibondo kuikagua ile mahakama ya zamani niliyoikarabati, na nimesikia kwa wenzako kwamba wewe umepewa upande wa mashariki, umepita kuutazama mapema ukaona kitu, na unatafuta namna ya kukisema usiniudhi. Ndiyo maana nimekuita ukae hapa.

Sikiliza basi. Jengo la kale halina mdomo, lina sisi. Ukiona ufa, kwanza uwatoe watu walio chini yake, maneno ya heshima yatafuata. Kisha umwendee mwenye kazi uso kwa uso, na kama hataki kusikia, mshike mkono umpeleke. Usimseme pembeni, wala usimfiche. Mficha uchi hazai, na kundi linalofichana makosa halitazaa kazi njema hata likila pamoja kila siku. Watakuambia ungoje. Jiulize anayengoja ni nani, ni wewe uliyeko nje au ni aliyelala ndani? Ukikuta ni yeye, usingoje. Huenda ukasimama peke yako, na mikono itatetemeka. Iache itetemeke, neno lako lisitetemeke. Na siku utakayokosea wewe, maana utakosea, usiisingizie mvua. Sema ni mimi, kunja suruali, ingia kwenye tope, wenzako watakufuata.

Njoo na patasi. Mahali ulipoona, pabandue mbele yangu. Chakula cha mchana nitapika mimi, na tutakula vyovyote itakavyokuwa.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe jicho lisilodanganyika na rangi, na ulimi mkweli wenye adabu. Akujalie wenzako watakaokukosoa asubuhi na kukunawisha mikono mchana. Akuongoze upande ngazi ushuke salama, na majengo utakayoyagusa yawahifadhi watu wasiokujua hata jina. Na ukizeeka kama mimi, akupe kijana asiyekuogopa. Amina.